Madam Aliyengoja Agosti

Madam wa Mifumo alipoambiwa kwamba toleo jipya limetoka, hakuuliza lina nini. Aliuliza limeingia kwa nani. Ukimjibu kwamba bado halijaingia kwa mtu, alirudi kwa chai yake, na mazungumzo yalikuwa yameisha, hata kama wewe ulikuwa bado umesimama mlangoni na makaratasi mkononi.

Kampuni yetu iliuza pembejeo: mbegu za mahindi, mbolea, dawa za mifugo na pampu za kunyunyizia. Duka kubwa lilikuwa Kitale, tawi lilikuwa Bungoma. Mimi nilikuwa mnunuzi, maana yake nilikuwa mtu wa kubishana na wanaotuuzia mpaka wachoke, kisha kuhesabu walicholeta, kisha kukihesabu tena wakiwa wameshaondoka. Yeye aliutunza mfumo, yaani ile programu ya kompyuta iliyotoa risiti, iliyojua stoo ina mifuko mingapi, na iliyokumbuka ni loti gani ya mbegu, yaani fungu gani, ilimwendea mkulima gani, ili siku mbegu ikikataa kuota tujue nani wa kumpigia simu kabla hajatupigia yeye. Waliotengeneza mfumo walikaa Nairobi. Walituma matoleo mapya walipojisikia, na siku hizo toleo halikuingia lenyewe. Lilihitaji mtu wa kuliweka. Ukiondoa nyaya na printa zilizokwama karatasi, kazi ya Madam ilikuwa hasa moja: kuamua lini.

Kwa kazi hiyo alilipwa mshahara wa mwezi mzima, na kuna watu pale ofisini ambao hesabu hiyo haikuwaingia kichwani. Mhasibu wetu alikuwa akisema kwamba sisi wengine tunalipwa kufanya, Madam analipwa kukataa. Hilo si kweli. Miaka yote niliyomjua sijamsikia Madam akikataa. Alisema, "Tutaona." Katika kazi yangu nimesikia hapana za kila namna: hapana ya kutaka kubembelezwa, hapana ya kungoja bei ipande, hapana ya mtu ambaye mke wake bado hajaambiwa. Zote zina pa kupenya. "Tutaona" ya Madam haikuwa na ufa. Ungezunguka nyumba yote ukitafuta mlango, urudi ulikoanzia, na yeye amekutengea kikombe.

Alikuwa mwanamke mpana, mtaratibu, aliyevaa sweta hata tukishuka Bungoma, ambako sweta ni adhabu. Kibodi yake aliifunikia kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe chenye maua, kama vile vya kutandikwa kwenye viti vya sebule. Kitambaa kikiwa juu ya kibodi, Madam hayupo, hata kama ameketi hapo hapo anakutazama. Wageni walichukua muda kuelewa hilo. Sisi wenyeji tulichungulia kitambaa kwanza, ndipo tukabisha hodi.

Alikuwa na namba za simu za makeshia. Si wa kwetu tu. Wa maduka ya Eldoret, Webuye, Kakamega, watu ambao hajawahi kuonana nao na ambao walimwita "Mamii" kama wamelelewa naye. Namba za mameneja hakuziweka. Meneja, alisema, husifu alichonunua kwa sababu amekinunua. Basi toleo jipya likitoka angengoja mpaka asikie kuna duka limelichukua, angoje tena lizoeleke, ndipo ampigie keshia wa pale. Angemsalimia. Angeuliza habari ya watoto, angeuliza kama mvua imefika. Halafu, kana kwamba amekumbuka kitu kidogo cha njiani:

"Na tangu muwekewe hiyo mpya, ni kitu gani mmerudi kuandika kwa mkono?"

Hakuuliza kama ni nzuri. Kitu kizuri na kibaya vyote huitwa kizuri na mtu ambaye bosi wake yuko karibu. Lakini palipo na daftari jipya pembeni ya kompyuta mpya, au kipande cha katoni chenye namba za kalamu, hapo ndipo mfumo umewashinda watu, na watu wameamua kunyamaza na kuendelea na kazi. Nakumbuka keshia mmoja wa Webuye alivyocheka akisema hakuna, Mamii, kila kitu kiko sawa. Madam akakaa kimya na simu sikioni. Yule naye akakaa. Mwishowe akasema labda tu zile bidhaa wateja wanarudisha, hizo wanaandika nyuma ya kalenda. Madam akamshukuru, akaweka simu chini, akakitandaza kitambaa. Toleo hilo lilikaa kwenye mlango wetu kama mgeni aliyekuja bila kuitwa, mpaka likatoka jingine lililolirekebisha.

Mwakilishi wa kampuni ya mfumo alikuja mwenyewe siku moja, kutoka Nairobi, na viatu vya kung'aa, mwezi wa mvua, Kitale. Alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, na sina ubaya naye. Nilimtafutia gambuti za mpira stoo akatembea nazo bila kulalamika. Alituonyesha mambo mapya ya toleo lake, rangi na michoro, mishale inayopanda. Madam akamnywesha chai. Kisha akamwomba amuuzie mfuko mmoja wa mbegu kwenye hilo toleo. Akauziwa. Akamwomba sasa amchukulie yeye Madam ni mkulima aliyerudisha mfuko kwa sababu amefika nyumbani akakuta mke wake amenunua mwingine. Kwetu jambo hilo hutokea kila siku ya kupanda, na mkulima husimama hapo kaunta akitabasamu kwa aibu huku foleni ikimsikiliza. Mfumo ukafikiri. Kisha ukadai nywila ya meneja. Madam akageuka polepole akakitazama kiti cha meneja, ambacho kilikuwa kitupu kwa sababu meneja alikuwa kwa shamba lake, anapanda.

"Tutaona," akasema.

Kalenda yake haikuwa ile ya ukutani. Machi mvua ya kwanza ikinyesha, foleni yetu hutoka nje mpaka barabarani, na mtu akisimamishwa hapo kwa kitu ambacho si mbegu wala mbolea, hana urafiki na wewe tena. Mei na Juni watu wanarudi kutafuta mbolea ya kukuzia. Oktoba kwenda mbele ni mavuno, wanunuzi wa mahindi, malori, kelele. Unabaki Agosti, mahindi yakiwa yamesimama shambani, hayahitaji mtu, na keshia anaweza kufuma kitambaa. Toleo jipya, kwa Madam, huwekwa Agosti. Nairobi walipenda kutoa lao Februari. Aliambiwa hivyo, akauliza kama Nairobi wanapanda mahindi, akajibiwa hapana, akasema basi wamesamehewa.

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa zamani, wa kung'ang'ania redio ya betri. Nilikaa kwake, mtaa wa Tuwan, kwa chai ya Jumapili mara nyingi, na nakuambia hakuna nyumba iliyobadilika kama ile. Simu yake ilikubali kila kitu ilichoombwa kukubali. Apdeti ikija saa ambayo anapika, atabonyeza na kidole chenye unga. Alibadilisha jiko, akabadilisha gesi, akabadilisha king'amuzi cha televisheni, na kuna wakati alibadilisha kanisa kwa sababu lile jingine lilikuwa na kwaya yenye kinanda kipya. Nywele sizitaji. Mara moja simu ilijiapdeti ikapoteza picha zote za harusi ya mpwa wake. Alihuzunika mpaka jioni, kesho yake akapakua kitu kingine.

Nikamwuliza, Madam, si wewe ndiye unatuzuia huko kazini?

"Simu ni yangu," akasema. "Ikiharibika nitalia mimi, nikimaliza ninyamaze. Ile ya kazi ikiharibika analia mtu wa Kiminini ambaye ameuza mbuzi akanunua mbegu, na hata hajui kuna kitu inaitwa toleo."

Nisimpake mafuta kupita kiasi. Kungoja pia kunamshinda anayengoja. Kuna kipindi alisema tutaona kwa toleo moja, akasema tutaona kwa lililofuata, na kwa lililofuata hilo, kila moja na kasoro yake, mpaka tulipotaka kuhama ikawa haiwezekani kuruka. Ilibidi tupande ngazi moja moja, kila toleo liingie, likae, lifungue la mbele yake. Tawi la Bungoma lilifungwa siku kadhaa. Wateja walivuka barabara wakaenda kwa washindani wetu, na wengine wao mpaka leo hawajarudi. Nawajua kwa majina. Madam hakuomba msamaha. Alileta mandazi, ndoo nzima, akayaweka katikati ya meza, na hakuna aliyethubutu kuyala kabla hajatoka chumbani. Baada ya hapo alianza kusema kwamba yeye hataki kuwa wa kwanza na hataki kuwa wa mwisho, anataka kuwa pale katikati ambapo mtu akianguka anaangukia wenzake.

Sasa nije kwa ile Februari.

Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye kampuni, alikwenda semina Eldoret, hoteli yenye maji ya chupa kila kiti. Alirudi amebadilika. Kulikuwa na toleo jipya kabisa, ambalo halikai tena kwenye ile mashine kubwa chini ya meza ya Madam bali linakaa kwenye mtandao, na la zamani, alisema, lisingehudumiwa tena baada ya Machi. Alituita Madam na mimi. Alitaka matawi yote mawili yahame kabla ya mvua.

Madam alikuwa ameshapiga simu zake. Eldoret walikuwa nalo, na Eldoret walikuwa wamerudi kuandika kwa mkono namba za loti za mbegu, kwa sababu toleo jipya lilizichanganya loti zote kuwa mbegu moja. Aliyasema hayo. Mkurugenzi akasema mambo madogo yatarekebishwa, kila mtu amehamia.

"Kila mtu ni nani, Mkurugenzi?"

Akataja kampuni mbili za Nairobi.

"Hao wanauza viatu," Madam akasema. "Viatu havingoji mvua."

Mkurugenzi alicheka. Kisha akaacha kucheka, akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo. Hiyo ya zamani ikizima katikati ya kupanda, foleni iko barabarani, na Nairobi hawachukui simu?

"Ikizima ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nitaandika barua ya kuacha kazi mwenyewe. Hutajisumbua kunifuta. Nipe mpaka Agosti."

Kitinda mimba wake alikuwa chuo cha uuguzi, mwaka wa mwisho. Mkurugenzi alijua hilo, nami nilijua, na Madam alijua kwamba tunajua. Mkurugenzi akanigeukia, akauliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa shahidi wa mkataba mbaya kuliko yote niliyowahi kushuhudia, na mtu aliyeupendekeza ndiye aliyekuwa akiubeba. Nilifanya nililojua kufanya: nikapigana na kampuni ya mfumo kwa simu mpaka wakakubali kutuhudumia kwa toleo la zamani hadi Agosti, kwa ahadi kwamba matawi yote mawili yatahama siku moja. Madam aliponisikia nimepata, alinisogezea sukari.

Msimu ule sikumwona akibadilisha nywele. Asubuhi alifika kabla ya mlinzi kufungua geti, akainama chini ya meza, akaweka kiganja juu ya ile mashine kama mtu anayempima mtoto homa. Alipiga marufuku thamosi, mifuko, na mtu yeyote mwenye mwavuli uliolowa. Stima zikipotea, alikuwa mlangoni kwa jenereta kabla hatujasema ah. Na stima zilipotea. Aprili foleni ikiwa ndefu kabisa, simu ikatoka Bungoma: risiti zimekataa, skrini nyeusi, watu wanapiga kelele. Chumba kizima cha Kitale kilimgeukia. Mkurugenzi alisimama mlangoni, akaitazama saa yake, akamtazama Madam, na kusema ukweli hakuonekana kufurahi.

Madam alishika simu kwa mikono miwili. Akamwambia keshia wa Bungoma asiguse chochote, afuate waya kwa macho, kutoka kwa kompyuta mpaka ukutani, amwambie anaona nini. Keshia akafuata. Waya ulikuwa umechomolewa. Palipokuwa na plagi yake sasa palikuwa na chaja ya simu, na simu yenyewe ilikuwa ya mteja, mzee wa heshima, ambaye aliomba tu asaidiwe moto kidogo apigie mwenye pikipiki.

"Mwambie mzee pole," Madam akasema, "halafu rudisha."

Watu wakacheka, kazi ikaendelea. Mimi niliingia stoo baadaye kuhesabu mbolea, nikamkuta amekaa juu ya mifuko ya mbegu, kikombe kimemwagikia sahani, sahani imemwagikia sweta. Nikatoka, nikahesabu upande mwingine.

Agosti ikafika na toleo la zamani lilikuwa bado linapumua. Mwakilishi alikuja, safari hii na viatu vya kufaa. Ile shida ya loti ilikuwa imetatuliwa, maana Eldoret walikuwa wameilalamikia msimu mzima. Kurudisha mfuko hakukudai tena nywila. Matawi yote mawili yalihama siku moja, na kabla ya chakula cha mchana keshia wa Bungoma alikuwa anauza kwenye mfumo mpya na kuulizia kama kuna keki. Keki ilikuwepo. Madam aliikata yeye.

Mkurugenzi akala kipande chake, akafuta vidole, akasema, "Sasa tazama. Ilikuwa rahisi hivi tu. Si tungefanya hata Machi?"

Ungemjibu nini? Msimu ambao hakuna kilichotokea hauachi kitu cha kuonyesha mtu. Mwakilishi, kwa nia njema, akaongeza kwamba uzuri wa hili toleo ni kuwa mengine yatakayofuata yataingia yenyewe kupitia mtandao. Hakuna tena mtu wa kuyaweka. Nilimwona Mkurugenzi akilisikia neno hilo. Nalijua lile jicho. Ni jicho langu nikiona mfuko umeandikwa mara mbili.

Kabla ya mavuno cheo cha Madam kilikuwa kimeondolewa, kwa shukrani nyingi. Barua ya kumwachisha kazi aliiandika Mkurugenzi. Kwa hiyo ukifuata maneno ya ule mkutano wa Februari, Madam alikuwa ameshinda.

Mwaka huu mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Jumapili. Jumatatu asubuhi tulifungua duka tukakuta mfumo umejibadilisha wenyewe. Sehemu ya bei ilikuwa imehamia chini, kitufe cha risiti kilikuwa kimepewa sura ya kitu kama bahasha, na kila mauzo yalidai barua pepe ya mteja. Foleni ilikuwa barabarani. Keshia wetu alimwuliza mama mmoja wa makamo barua pepe yake, na yule mama akamwuliza keshia kama anataka pia jina la ng'ombe. Kufikia saa nne tulikuwa tunaandika kwa mkono kila kitu. Mkurugenzi aliniita.

"Mtafute Madam. Mrudishe. Bei utajua wewe."

Nikaambiwa yuko Chwele. Nilifika siku ya soko, nikapita pikapu zinazoshusha kabeji na watu wanaovuta mbuzi, nikamkuta upande wa miche: trei za sukuma wiki, nyanya, vitunguu, zimepangwa juu ya meza ya mbao. Sweta ilikuwa ile ile. Alikuwa anazungumza na mnunuzi aliyetaka kupunguziwa, na alikuwa anamwambia tutaona. Aliponiona akanisalimia mulembe, akaniuliza habari ya Kitale, akaniambia kitinda mimba amemaliza chuo, yuko hospitalini Bungoma, anavaa nguo nyeupe. Akanivutia ndoo nikae.

Nilianza chini, kama nianzavyo siku zote, nikiacha nafasi ya kupanda. Nikasema Mkurugenzi amefikiria, labda siku mbili kwa wiki. Alikuwa ananyunyizia nyanya maji. Nikapanda. Nikapanda tena mpaka nikafika mahali ambapo Mkurugenzi angenilaumu, nikahesabu kichwani mara ya pili, na bado ananyunyizia tu.

"Kwani imefanya nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nilipofika kwa jina la ng'ombe alicheka mpaka akaweka mkebe chini. Kisha akapangusa mikono kwa sweta, akaomba simu yangu, akafungua mfumo, akateremka kwenye mipangilio mpaka chini kabisa, mahali ambapo sikujua kuna kitu. Akanionyesha. Palikuwa na kisanduku kimeandikwa: matoleo mapya yaingie lini. Mbele yake palikuwa na nafasi ya kuweka tarehe. Ilikuwa tupu.

"Ilikuwa hapa siku zote?"

"Tangu ile siku ya keki. Nyinyi mlikuwa mnakula, mimi nilikuwa nasoma."

"Na hukusema?"

"Mtu wa bei, mimi niliambiwa hakuna cha kuamua. Nianze kubishana na keki mdomoni?"

Nikauliza niandike tarehe gani. Niliuliza kama mtu anayeulizia choo. Alinirudishia simu, akanitazama vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniambia tutaona.

"Hapana," akasema. "Hiyo sasa mtaangalia wenyewe. Mimi niko soko."

Akamgeukia yule mnunuzi wa sukuma, ambaye alikuwa amerudi na shilingi kidogo zaidi.

Nilikuwa bado nimekaa kwenye ndoo Mkurugenzi alipopiga. Akauliza anataka pesa ngapi. Nikasema hataki kitu, na shida imeshaonekana, kuna mahali pa kuweka tarehe. Alishukuru Mungu kwa sauti, bei ilimpendeza. Kisha nikasikia foleni ya Kitale nyuma yake.

"Sasa nani atakuwa anaiweka hiyo tarehe?"

Nikamwambia hapa Chwele simu inakatakata, nikaikata.